Fundi akitaka kuukata mlango wa kale: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zinahusu vitu vilivyong'olewa kwenye majengo ya zamani na kutafutiwa kazi upya nyumbani.

Nimepata mlango wa kale wa mbao ngumu, lakini umezidi fremu kwa sentimita nne. Fundi anataka kuuranda mbili kila upande. Nimruhusu?

Usimruhusu. Mlango wa aina hiyo umeungwa kwa ndimi, yaani ncha nyembamba za mbao zake za mlalo, zilizochomekwa kwenye matundu ya miimo yake, zile mbao za wima za pembeni. Ukikata sentimita mbili kila upande, unakula mbao ileile inayozishika ndimi hizo, na upande mmoja utakutana na tundu la kitasa. Vunja fremu, uache mlango. Kama ukuta hauwezi kupanuliwa, uning'inize kwenye reli juu ya uwazi, uwe wa kuteleza. Hapo upana wake unakuwa faida, kwa sababu mlango wa kuteleza unatakiwa kuzidi uwazi.

Lakini kabla ya kupima chochote, uache ndani ya nyumba wiki mbili tatu. Mbao hunywa unyevu na kuutema, ikavimba na kusinyaa. Mimi niliwahi kupachika mlango siku ileile uliposhushwa garini. Ulifunga kwa kidole kimoja. Mwezi wa pili tukawa tunaufunga kwa bega.

Mlango wangu wa kale una matabaka manne ya rangi. Nipige msasa tu?

Pima kwanza kama rangi hiyo ina risasi, ile metali nzito yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978, na rangi ya kabla ya hapo ni ya kushukiwa. Msasa mkavu huigeuza vumbi, na vumbi hilo huwadhuru zaidi watoto wadogo, kwenye ubongo. Moto mkali nao hutoa mvuke wa sumu. Tumia dawa ya kulainisha rangi, kwangua ikiwa mbichi, vaa barakoa yenye chujio (kitambaa hakitoshi) na watoto wakae mbali.

Usikubali pia mlango uchovywe kwenye pipa la soda kostiki. Rangi itatoka, ni kweli, ila gundi za zamani zilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na zikiloa kwenye dawa ya moto huachia. Utarudishiwa mlango unaocheza kama kiti kibovu.

Beseni la kuogea la chuma, lenye miguu, linaweza kukaa ghorofani?

Piga hesabu: beseni tupu kilo 150, maji lita 200 ni kilo 200, mtu kilo 70. Hizo ni kilo 420 juu ya miguu minne, kila mmoja mdogo kuliko kiganja. Muite mhandisi aikague sakafu kabla hujawaita wabebaji.

Boriti niliyonunua ina vishimo vidogovidogo. Imeliwa?

Imeliwa, ila swali ni kama wadudu bado wamo. Tandaza karatasi nyeusi chini yake, uiache wiki kadhaa. Ukikuta unga mpya uliodondoka, usiiingize ndani mpaka itibiwe. Na hata ikiwa safi, mimi ningeifanya rafu. Kubeba paa ni kazi nyingine kabisa.

Grili ya chuma imevunjika ua moja la pambo. Fundi wa kuchomelea anasema ni dakika tano.

Itazame kwanza. Kama maua yote yanafanana kabisa na palipovunjika pana chembechembe za kijivu, hicho ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Kukichomelea kikiwa baridi ni kukipasua upya pembeni ya pale palipoungwa. Lazima kipashwe moto kwanza na kiachwe kipoe polepole. Kama fundi wako hafanyi hivyo, afadhali bamba dogo kwa nyuma na skrubu mbili. Chuma kilichofuliwa kwa nyundo, ambacho maua yake hayalingani sawasawa, huchomeleka bila shida kubwa.

Dirisha la vioo vya rangi linafaa kuwa meza?

Hapana. Kioo hicho kikivunjika hutoa vipande kama visu. Litundike mbele ya dirisha lako, mwanga ulipitie.