Ndimu na mafuta ya karafuu usoni? Usipake shoga

Shoga ulouliza kuhusu ndimu na mafuta ya karafuu, ati upake usiku ulale nayo na siku 7 madoa yote kwisha, tafadhali usipake. Angalia maneno ya huyo anoitangaza yalivyopangwa, "siri ya bibi zetu", "asilia mia kwa mia", "haina kemikali". Hapo hajakwambia kipimo wala wangapi walopaka wakaungua, na picha zake ile ya kabla kapiga kizani ile ya baada kapiga kwenye taa. Na kemikali imo, ndimu ina asidi ya sitriki, maji yake pH (kipimo cha asidi, ikiwa ndogo ndo kali zaidi) ni kama 2 hivi na ngozi yako ipo kwenye 5, alafu ukibaki nayo ukatoka juani (na jua letu la saa saba unalijua) ngozi inaweza kutoa malengelenge na kuacha madoa meusi kushinda yale unoyakimbia. Mafuta ya karafuu sisi Pemba tumekua nayo, jino likiuma unagusisha kidogo tu kwa pamba na bado yanawaka, sasa uso mzima jamani? Mdogo wangu kapaka wiki ya harusi yake, uso ukavimba mpaka singo hakuweza kusingwa, nililia.

Madoa ya chunusi mengi hufifia wenyewe kwa miezi, mtu akikuuzia dawa katikati hapo, yakififia anajisifia yeye. Kama ushapaka na panawasha osha kwa maji mengi, jikinge na jua, nenda kaonane na daktari wa ngozi.