Bolti zipi zibadilishwe kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya ovahoo ya injini ya Toyota Starlet, 4E-FE yenye ujazo wa sisi (cc) 1,331, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini), ambayo mwenyewe anataka izunguke hadi mara 7,500 kwa dakika. Mwenzangu ananishauri niweke bolti za daraja la nguvu la 12.9 zinazouzwa madukani, kwani ni nafuu. Mteja naye amesikia habari za bolti za ARP, lakini fedha yake haitoshi kubadilisha zote. Nianzie wapi?
Fundi kijana, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu yetu wa Mwanga, fedha ya mteja wako ianzie kwenye bolti za konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, na ikiishia hapo hapo hujapoteza kitu.

Wengi hudhani kwamba bolti hizo hukatwa na mlipuko, kumbe mlipuko huisukuma pistoni chini na kuikandamiza konrodi. Bolti huvutwa pale pistoni inapofika juu mwishoni mwa kutoa moshi, wakati valvu za moshi zingali wazi na hakuna mgandamizo wa kuipokea, ikabidi isimamishwe na kurudishwa chini kwa nguvu ya bolti mbili tu. Mvuto huo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka mizunguko 6,000 kwenda 7,500 umeongeza mwendo kwa robo, lakini mvuto umeongezeka kwa asilimia 56.

Kuhusu ushauri wa mwenzako, nguvu ya chuma si tatizo. Bolti halisi ya 12.9 huhimili mvuto wa takribani megapaskali 1,200 kabla ya kukatika, na chuma cha aina ya 8740 kinachotumiwa sana na ARP, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1968, hakiizidi kwa mbali. Tofauti iko kwenye umbo, kwa sababu shina la bolti ya konrodi huchongwa kwa kipimo ili likamate kifuniko kisiteleze, na mara nyingi sehemu yake hupunguzwa unene ili inyumbuke kama springi. Ile ya dukani ilikusudiwa kubana mashine, labda ya kusaga unga, na kazi hiyo huifanya vizuri. Tena chapa ya 12.9 inaweza kupigwa kichwani na yeyote mwenye nyundo.

Ukishaweka bolti mpya, funga kifuniko bila beringi, kaza kikamilifu, kisha pima tundu la konrodi, maana mbano mpya huweza kulifanya liwe na umbo la yai. Likiwa hivyo, lipeleke likahoniwe, yaani lisuguliwe kwa mashine hadi liwe duara, kwanza.

Katika kukaza ndiko mafundi wengi tunakoharibu. Takribani sehemu tisa kati ya kumi za nguvu ya mkono wako humezwa na msuguano wa nyuzi na wa chini ya kichwa, kwa hiyo kipimo kilichotolewa kwa grisi maalumu ukikitumia na oili ya injini, spana ya kipimo italia "tik" hali bolti bado imelegea. Afadhali upime kurefuka kwa bolti kwa maikromita. Andika urefu wa kila moja kabla ya kuikaza, hata pembeni mwa boksi lake. Ukija kuifungua siku nyingine ukaikuta imebaki ndefu kwa milimita 0.025 au zaidi, itupe.

Hedi (kifuniko cha juu ya silinda) ya injini isiyo na tabo haidai stadi, yaani vyuma vyenye nyuzi pande zote mbili, bolti mpya za Toyota zinatosha. Mteja akija kuweka tabo, shinikizo ndani ya silinda litapanda na stadi zitakuwa na maana: huingizwa kwenye bloku kwa vidole, nati ikakazwa juu, nyuzi za bloku zisisokotwe. Kwa vyovyote kausha matundu ya bloku, kwani oili iliyotuama chini haina pa kwenda, na bolti ikishuka juu yake huweza kuipasua bloku. Bolti za sampu (bakuli la oili chini ya injini) na za kava ziache zilivyo.

Seti ikifika kutoka Dar es Salaam, iache kwenye pakiti yake mpaka siku ya kufunga. Huko kwenu karibu na ziwa kuna unyevu, na ufa wa bolti ngumu huweza kuanzia kwenye doa la kutu lisilozidi ncha ya sindano.