Ghala limejaa, mtoto amedumaa: majibu ya maswali yenu kuhusu lishe

Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto umefika tena, gari la matangazo linapita mitaani, na maswali yamemiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Huku kwetu tunalima mahindi, viazi, maharage na parachichi, na maziwa tunayo. Kila kampeni ikija tunaambiwa tunaongoza kwa udumavu. Tunatukanwa au vipi? (Mkulima, Makambako)

Hutukanwi, ndugu yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Iringa ilikuwa takriban 57, Njombe na Rukwa karibu 50 kila mmoja. Ndiyo mikoa hiyo hiyo inayolisha miji.

Chakula kikiwa ghalani bado hakijafika tumboni mwa mtoto wa miezi tisa. Msimu wa kupalilia mama anatoka alfajiri. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na uji uliopikwa asubuhi. Anakunywa kidogo, uliobaki unapoa, inzi wanauzunguka, na mlo mwingine ni mpaka mama arudi jioni. Umri huo anatakiwa kula mara tatu hadi nne kwa siku, na bado anyonye. Ongeza kuhara kwa kila mwezi, ongeza maziwa yanayochukuliwa yote na mnunuzi na mayai yanayokwenda gulioni, na pesa yake anaishika baba. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukikolea, hata hiyo pesa haionekani.

Ndiyo maana mabango ya "Mpe mtoto mlo kamili" hayanisisimui. Mama analijua hilo kuliko aliyechora bango. Asichokuwa nacho ni saa mbili za kukaa na mtoto. Kampeni inayokuja Makambako ianze na akina baba na mwenyekiti wa kijiji, waamue nani anabaki na watoto wadogo siku za shamba, na lita ngapi za maziwa haziuzwi.

Ukoo wetu wote ni wafupi, tangu babu. Kwa nini mjukuu wangu aitwe mdumavu? (Bibi, Sumbawanga)

Shikamoo bibi. Urefu wa mtu mzima unarithiwa kwa sehemu, hilo ni kweli. Lakini chati ya ukuaji anayopimiwa mjukuu wako, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006, ilitokana na kupima watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Walikuwa watoto walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa vizuri, na hadi miaka mitano urefu wao ulikaribiana sana. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili akiwa chini mno ya mstari, tusikimbilie kumsingizia babu. Pengine babu naye alidumaa.

Mtoto wangu ana miezi saba. Nimesagisha unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, njugu, mbegu za maboga na kadhalika. Nampa uji huo tu, lakini uzito haupandi. (Mama, Mbagala)

Mama, wingi wa majina kwenye mfuko wa unga ni biashara ya wauza unga. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama ni kundi moja la chakula, nafaka. Ukiweka zote tano hujaongeza kundi hata moja. Soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inazuia mwili kutumia protini. Halafu karanga na mahindi ndivyo vinavyoshikwa zaidi na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na ukishavisaga pamoja huwezi tena kuona punje iliyooza ni ipi.

Fanya hivi. Chukua nafaka moja, mahindi au ulezi, uliyoichambua mwenyewe. Pika uji mzito: ukiinamisha kijiko udondoke taratibu, usichuruzike kama maji ya chai. Tumbo la mtoto huyo ni dogo, halizidi sana kikombe kimoja cha chai, na uji mwepesi unalijaza maji. Kitu cha pili kiongezwe kwenye sufuria siku hiyo hiyo: leo yai, kesho unga wa dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri, keshokutwa parachichi lililopondwa au karanga ulizozichambua mwenyewe kabla ya kuzisaga. Kijiko kidogo cha mafuta pia.

Akikataa uji kwa uzito wake, usiongeze maji. Uache upoe kidogo, koroga kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, subiri dakika chache. Utalegea wenyewe huku chakula kikiwa kile kile. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo, kisha mpe. Kimea ni kile wanachotumia wapika pombe, na wataalamu wa lishe wa hapa nchini wamekuwa wakikifundisha tangu miaka ya 1980. Sijui kwa nini hakisikiki kwenye matangazo. Labda kwa sababu hakina kampuni ya kukiuza.

Na usiache kunyonyesha. Uzito ukigoma mwezi unaofuata, rudi kliniki na kadi yake.

Yale matone ya Juni na Desemba ni nini hasa? Mtaani wanasema ni uzazi wa mpango wa kificho. (Mama, Tabora)

Ni vitamini A. Muuguzi anakata ncha ya kidonge laini na kumkamulia mtoto mdomoni: cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kinalinda macho na kuupa mwili nguvu ya kupambana na surua na kuhara. Waliovuka mwaka hupewa na dawa ya minyoo. Hakuna dawa ya uzazi wa mpango ndani yake. Nyumbani vitamini hiyo iko kwenye maini, mawese mekundu na viazi lishe vya rangi ya chungwa.

Mhudumu wa afya alimfunga mtoto utepe mkononi, ukasoma njano. Ina maana amedumaa? (Baba, Kahama)

Hapana. Utepe unapima ukondefu, udumavu unapimwa kwa urefu na umri. Kijani huanzia mzunguko wa mkono wa sentimita 12.5, njano, chini ya hapo hadi 11.5, ni kuonywa: mtoto aongezewe chakula na apimwe tena mapema. Nyekundu, au miguu ikivimba hata kama utepe umesoma rangi nyingine, ni kwenda kituoni leo.

Mwaka 1973 tulikaa chini ya mwembe na redio moja tukisikiliza Mtu ni Afya, na 1975 Chakula ni Uhai. Vyoo tulichimba. Kampeni za siku hizi zinagawa fulana. Zinasaidia kweli? (Mstaafu, Singida)

Shikamoo mzee. Tofauti umeshaitaja mwenyewe: ninyi mlisikiliza, mkajadiliana, mkaondoka na kazi ya kufanya. Iringa nayo, kuanzia 1983, kwenye mradi wa lishe, vijiji 168 viliwapima watoto wao uzito mara kwa mara na kujiuliza hadharani kwa nini wa fulani hakui. Utapiamlo mkali ulishuka, na UNICEF ilijifunza mengi huko kabla ya kutoa mchoro wake wa sababu za utapiamlo mwaka 1990.

Mtu atauliza, mbona leo Iringa inaongoza? Wakati ule kilichopimwa ni uzito, nao unaweza kupanda mtoto akabaki mfupi. Na mradi ni mradi. Mfadhili akiondoka, mizani inaishia stoo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ndiyo mrithi wa kazi ile, na halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Uliza kwenye mkutano wa kijiji chako kama zimefika. Wewe una umri wa kuuliza bila kukatwa kauli.

Mke wangu ni mjamzito, vidonge vya kuongeza damu vinamtia kichefuchefu, anavificha. Nimlazimishe? (Baba mtarajiwa, Morogoro)

Usimlazimishe. Avimeze usiku baada ya kula, kwa maji au juisi ya machungwa, si kwa chai. Mwambie pia choo kuwa cheusi ni kawaida. Kichefuchefu kikiendelea nendeni kliniki wote wawili, nawe uingie chumbani kwa muuguzi, usibaki kwenye benchi la nje na simu.