Mfereji wa maji huna, lakini anza: jibu kwa mwalimu wa Micheweni, Pemba

Waalaykumu salaam, mwalimu. Umeuliza utapigishaje mswaki darasa la kwanza na skuli haina maji. Maji si tatizo. Wapige mswaki dakika 2, wateme mchangani, wasisukutue. Dawa ya meno ikibaki mdomoni ndipo floridi, madini yanayokinga meno yasioze, inapofanya kazi. Soma boksi la dawa: floridi iwe ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 hadi 1,500. Watilie wewe, kiasi cha punje ya mbaazi, maana ukiwaachia wataila (wangu waliila).

Kinachoua mipango hii ni miswaki yenyewe. Ikitupwa pamoja ndooni, wiki ya pili haijulikani wa nani ni upi. Mimi nilitoboa matundu kwenye kifuniko cha ndoo, kila mswaki ukasimama peke yake na jina lake.

Wazazi waite mapema uwaambie jambo moja: mtoto akifika miaka 6 hivi, gego la kudumu huota nyuma kabisa bila ya jino kung'oka. Wengi hudhani la utoto, wakaliacha lioze.

Ubuyu wa sukari huozesha meno, lakini muuzaji wake wa getini usimfukuze, atahamia uchochoroni. Zungumza naye auze na karanga, na ubuyu uwe saa ya mapumziko tu.