Kalenda inazidisha masomo

Swali: Nafundisha piano. Nimeunganisha Google Sheets na Google Calendar kwa Zapier, huduma inayofanya programu zipashane taarifa zenyewe. Nikibadili saa ya mwanafunzi kwenye jedwali la Sheets, somo jipya linaingia na la zamani linabaki. Jana wawili walibisha hodi kwa pamoja!

Jibu: Pole, mwalimu. Umeiagiza iunde tukio kila jedwali linapoguswa, nayo inatii. Ibadili, iunde tukio kwa mstari mpya tu. Ongeza safu wima moja; tukio likiundwa, Zapier iandike humo kitambulisho chake, yaani msimbo wa tukio hilo pekee. Kisha tengeneza mtiririko wa pili ndani ya Zapier, unaochochewa na mabadiliko ya safu wima ya saa peke yake: utumie kitambulisho hicho kusahihisha tukio lilelile. Safu wima ya vitambulisho itaonekana kama msururu wa herufi zisizosomeka. Ifiche, usiifute, mimi niliifuta nikidhani ni takataka, nikakesha nikifuta miadi kwa mkono.