Barua kwa mwanangu: Mtoto amtaje baba yake?

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nashukuru umefika Wuhan salama. Unasema mwalimu wenu amewapa insha: kati ya Confucius, yule mwalimu wa kale wa maadili, na wale watu wa sheria kali waliojenga dola ya Qin, nani hasa aliyeifundisha China kutawala? Na unataka kujua mimi, niliyekaa mahakama ya mwanzo mpaka kustaafu, ningemchagua nani.

Vitabu ulivyoniachia nimevimaliza, na jibu la insha yako limo humo: wote wawili. Qin waliiunganisha nchi mwaka 221 KK kwa sheria kali, na haikupita miaka ishirini dola yao ikaanguka. Ukoo wa Han waliofuata kutawala wakazishika sheria nyingi za Qin na mfumo wao wa ofisi, ila mfalme Wu akawapa nafasi wasomi wa Confucius, na mwaka 124 KK kikaanzishwa chuo cha kuwafundisha watakaokuwa maofisa. Mitihani ya kuingia serikalini ilikuja karne nyingi baadaye, ikadumu mpaka 1905. Yapange hayo vizuri utapata alama zako.

Mimi kilichoninyima usingizi ni yule kondoo.

Unaikumbuka habari yenyewe. Mtawala wa She alijisifu mbele ya Confucius kwamba kwao kuna mtu mnyoofu kweli kweli: baba yake alipoiba kondoo, mwana ndiye aliyetoa ushahidi. Confucius akamjibu kwamba wanyoofu wa kwao wako vingine. Baba humfichia mwana, mwana humfichia baba, na unyoofu umo humo humo. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Jambo hilo limetokea nyumbani kwetu, nawe unalijua nusu nusu.

Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Sukari haipatikani, sabuni watu wanagawana vipande, na babu yako ndiye aliyeshika duka la kijiji. Mjomba wako mkubwa alikuwa likizo, amevaa shati la shule hata siku za shamba. Mgambo walipopita nyumba kwa nyumba na kufika kwetu, katibu wa kijiji alisimama uani akampita babu aliyekaa kwenye kigoda, akamwuliza mjomba: "Wewe kijana msomi, kwenu kuna sukari?" Mjomba akasema, "Ipo. Kwenye kihenge." Hakupandisha sauti wala hakuishusha.

Mgambo mmoja akakitoboa kihenge kwa fimbo. Mtama ulitangulia kumwagika, mwingi, kuku wakauvamia, nami nikawa nawafukuza kwa kuwa sikujua la kufanya lingine. Kisha ukatokea mfuko, umefungwa kwa ile kamba nyekundu ya bibi yako ya kufungia kuni. Babu akachukuliwa wilayani. Aliporudi duka lilikuwa limeshapewa mtu mwingine, na tangu hapo mpaka bibi anafariki, babu na mjomba hawakula sinia moja.

Bibi alishikilia kwamba sukari ile ni ya arobaini ya mama mkwe wake, imewekwa kidogo kidogo kutoka fungu letu wenyewe. Mjomba husema mwenye duka hawezi kuwa na fungu la nusu gunia huku majirani wanakunywa uji wa chumvi. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na kila mmoja akisema naona amesema kweli.

Msimamo wangu unaujua, nimewaimbia tangu mkiwa wadogo: serikali huanzia nyumbani. Confucius naye alipoulizwa kwa nini hashiki kazi ya utawala, alijibu kwamba kuwa mwana mwema na ndugu mwema ndiko kushiriki utawala. Mtoto aliyezoeshwa kumtoa baba yake, kesho atashindwa kumtoa nani? Nilitaka niishie hapo.

Halafu nikafika kwa Han Fei, mmoja wa wale watu wa sheria kali. Habari ya kondoo anayo na yeye, ila kwake ofisa anamwua yule mwana kwa kumkosea baba, na tangu hapo wakubwa wa nchi hawapelekewi tena habari za wahalifu. Anaongeza ya askari wa nchi ya Lu aliyekimbia vita mara tatu kwa sababu ana baba mzee wa kumtunza. Confucius akamsifu, na watu wa Lu wakawa wepesi wa kukimbia. Nikakumbuka kiti changu cha mahakamani. Ni mashauri mengi yaliyofia mbele yangu kwa sababu shangazi hakuona, shemeji alikuwa usingizini, kaka alikuwa safarini, na mwenye ng'ombe wake anatoka mlangoni analia. Kazi za kupeana kwa kujuana nazo huanzia nyumbani. Basi hii serikali yangu inayoanzia nyumbani, itoke lini humo nyumbani?

Lakini tazama wenzake Han Fei walikoifikisha. Kuanzia 356 KK Shang Yang, waziri wa Qin, alizifunga kaya za Qin tano tano na kumi kumi, zichungane zenyewe, na asiyemtaja mhalifu akatwe kiunoni vipande viwili. Mfalme mpya alipomgeuka mwaka 338 KK, Shang Yang mwenyewe alikimbia akaomba kulala kwenye nyumba ya wageni. Mwenye nyumba, asijue anazungumza na nani, akamkatalia: sheria ya Shang Yang inamwadhibu anayemlaza mtu asiye na hati. Wengi wanaisimulia kwa kumfurahia Shang Yang yaliyomkuta. Mimi namfikiria yule mwenye nyumba, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu. Kijijini kwetu mwaka ule watu walioamkiana maisha yao yote walianza kuchunguliana mizigo. Na bado siwezi kusema msako ule haukuwa na sababu, maana walikuwepo walioficha sukari kwa maghala huku watoto wakikosa hata ya uji.

Nilichokipenda ni amri ya mfalme Xuan wa Han, mwaka 66 KK: mwana akimficha mzazi, mke akimficha mume, mjukuu akimficha babu, asishtakiwe. Ukoo wa Tang, waliotawala baadaye, wakaiendeleza katika sheria zao za mwaka 653, isipokuwa kwa uasi dhidi ya dola. Ila wakapitiliza, mtoto aliyemshtaki mzazi akawa ananyongwa, na hapo mjomba wako angekuwa marehemu. Hiyo siikubali hata kidogo. Na huko uliko, sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai iliyorekebishwa 2012 inasema mzazi, mtoto au mwenzi wa mshtakiwa asilazimishwe kufika mahakamani kutoa ushahidi. Haikumziba mdomo anayetaka kusema. Imemzuia tu hakimu asimburute.

Ningekuwa mimi ninayeandika insha, ningeandika hapo. Kuna swali ambalo mwenye madaraka hapaswi kumwuliza mtoto mbele ya baba yake. Kihenge kilikuwa pale pale uani, fimbo wanayo, wangekitoboa bila kumwuliza mtu. Katibu yule alitaka kitu kingine zaidi ya sukari, na alikipata. Serikali huanzia nyumbani, mwanangu, na nyumba ile ilivunjwa kwa ajili ya nusu gunia.

Kati ya babu na mjomba usinitake nihukumu. Neno ninalo, tena nimewahi kuandika hukumu kwa ushahidi mwembamba kuliko huu. Lakini bibi yako alinikataza akiwa kitandani, na mjomba ndiye aliyekulipia ada ya kidato cha tano.

Ameomba namba yako ya China nami nimempa. Akipiga ongea naye vizuri, mwulize habari za mgongo wake. Habari ya kihenge usimwanzishie. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka amalize, halafu uniandikie alivyosema.

Mama yako