Wasomaji Wanauliza: Ngome ya Udongo wa Chumvi huko Siwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu anasoma Kairo, na panapo majaliwa nitamtembelea mwezi Januari. Amenieleza habari za Shali, kijiji cha kale chenye ngome ya udongo katika oasisi ya Siwa, huko magharibi mwa Misri. Je, ni kweli kwamba kilijengwa kwa chumvi? Kwa nini wenyeji walihama? Tena, tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?
Mama msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, mama. Siwa ina maziwa ya maji ya chumvi, na mafundi wa huko huchimba kandokando yake mabonge ya chumvi iliyochanganyika na udongo, ambayo huyaita karshif, kisha huyapanga na kuyaunganisha kwa tope la asili hiyohiyo mpaka ukuta ukauke na kushikamana kabisa. Ukiusogelea jua likiwa limeinama, utaona chembe za chumvi zikimetameta, na juu ya milango utaona ncha za boriti za mitende na mizeituni zikichomoza.

Ujenzi ulianza karne ya 13, wakati wenyeji, ambao ni Waberberi wenye lugha yao ya Kisiwi, walipokuwa wakisumbuliwa na wavamizi wa jangwani. Walihamia kilimani na kujizungushia ukuta. Na kwa kuwa kujenga nje yake kulikuwa hatari, kadiri watu walivyoongezeka ndivyo nyumba zilivyopandishwa ghorofa juu ya ghorofa, na vichochoro vikawa vyembamba na vya giza. Mvua ndiyo iliyowahamisha. Huko hunyesha kwa nadra sana, lakini mwaka 1926 ilinyesha siku tatu mfululizo, chumvi ikayeyuka, nyumba nyingi zikabomoka, na familia zikashuka kujenga chini ya kilima.

Sehemu ya ngome imekarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kufunguliwa mwaka 2020. Kazi hiyo naifurahia kwa dhati, kwa sababu ufundi wa karshif ungeweza kupotea kabisa mbele ya matofali na saruji, ilhali nyumba za karshif ndizo zinazobaki na ubaridi katika joto la kiangazi.

Kuhusu kurudi siku hiyohiyo, nakusihi msijaribu. Kutoka Kairo kupitia mji wa pwani wa Marsa Matruh ni zaidi ya kilomita 700, na kipande cha mwisho, kama kilomita 300, ni jangwa tupu. Laleni huko angalau siku mbili. Pandeni Shali alasiri, kwani kutoka juu mtaona mashamba ya mitende na maziwa ya chumvi, lakini msikanyage kuta ambazo hazijakarabatiwa. Wanawake wa Siwa hujisitiri sana, kwa hiyo baibui lako litakufaa, na msimpige mtu picha bila idhini yake. Usiku wa Januari ni wa baridi kali. Chukueni nguo nzito. Pasipoti zenu nazo ziwe karibu, kwa kuwa Siwa iko jirani na mpaka wa Libya na njiani kuna vituo vya ukaguzi.